Kazi, afya na polisi: ahadi za Ruto tuzipime Soy kabla ya kuzipima Pwani

Hapa Pwani kuna hoja iliyozoeleka mabarazani hadi imekuwa kama jibu la kila swali. Ukilalamika kwamba kijana wako amemaliza masomo na hana kazi, kwamba hospitali ya serikali haina dawa, au kwamba mtoto wa jirani alichukuliwa usiku na watu wasiojulikana, utaambiwa: "Si tulikuwa upinzani? Ulitarajia nini?" Tangu Hassan Joho aingie katika Baraza la Mawaziri mwaka 2024, na zaidi tangu UDA na ODM zitiliane saini mkataba mwezi Machi 2025, hoja hiyo imegeuzwa upande wa pili. Sasa twaambiwa tumo ndani ya serikali, kwa hivyo tungoje na neema itatufikia.

Ndugu msomaji, hoja hii ina njia rahisi ya kuipima. Tutafute mahali ambapo serikali hii haijawahi kukosa kura, ambapo hakuna anayeweza kusema wananchi waliadhibiwa kwa kuwa wapinzani, kisha tuulize ahadi za mwaka 2022 zimefika wapi huko. Mahali hapo papo. Panaitwa Soy.

Soy ni eneobunge la kaunti ya Uasin Gishu, kando ya barabara ya Eldoret kwenda Kitale. Lina wadi saba: Moi's Bridge, Kapkures, Ziwa, Segero/Barsombe, Kipsomba, Soy na Kuinet/Kapsuswa. Ni jirani wa Turbo, eneobunge lenye kijiji cha Sugoi, nyumbani kwa Rais William Ruto. Mwaka 2022 watu wa huko walimpigia kura kwa wingi mkubwa, na wabunge, gavana na seneta wao wote wakatoka chama chake. Kama kuwa ndani ndiko kunakoleta maendeleo, basi Soy ingekuwa peponi.

Sisi wa Pwani tusidhani Soy ni mbali nasi. Mahindi tunayosaga kuwa unga Kisauni na Ukunda, mengi hutoka kwenye mashamba ya Uasin Gishu na Trans Nzoia. Mafuta yanayoshushwa Mombasa hupelekwa kwa bomba hadi Eldoret. Malori yanayobeba mizigo ya Uganda hutoka bandarini kwetu na kupita Eldoret yakielekea Malaba. Mkulima wa Soy na kuli wa Mombasa wako kwenye kamba moja, ila kila mmoja ameshika mwisho wake.

Ahadi zilikuwa zipi

Tuanze na yaliyosemwa, maana mambo haya yana rekodi. Kampeni ya Kenya Kwanza ilijengwa juu ya uchumi wa kuanzia chini kwenda juu. Mama mboga, mwenda bodaboda na mkulima mdogo waliahidiwa kuwekwa mbele. Manifesto ilitaja shilingi bilioni 50 kila mwaka kwa ajili ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo, na nyumba mpya 250,000 kila mwaka ambazo ujenzi wake ungewapa vijana kazi. Katika afya, iliahidiwa bima itakayomfikia kila Mkenya. Katika usalama, iliahidiwa polisi huru wasiotumiwa na wanasiasa na mwisho wa mauaji ya nje ya sheria.

Siku ya kuapishwa, Septemba 13, 2022, Rais alitaja mambo kadhaa ya kuanza nayo. Alisema shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa baada ya serikali iliyotangulia kuzipeleka bara. Alisema mbolea itashushwa bei hadi shilingi 3,500 kwa mfuko. Alisema pia bajeti ya polisi itatoka Ofisi ya Rais na kukabidhiwa Inspekta Jenerali. Kwa hiyo kwa siku moja Mombasa ilipewa ahadi yake, Soy ikapewa yake, na nchi nzima ikapewa ahadi ya polisi huru. Haki tuiseme: hayo matatu hayakuachwa hewani. Amri ya bandari ilitolewa, bei ya mbolea ilishuka, na utaratibu wa bajeti ya polisi ulibadilishwa. Swali letu ni yaliyofuata baada ya hapo.

Kazi: mbolea, mkopo na tikiti ya ndege

Soy, kazi kubwa ni shamba. Huko mtu akikwambia hana kazi, mara nyingi maana yake ni kwamba shamba la baba limegawanywa hadi halitoshi, au kwamba mahindi hayarudishi gharama. Kwa hiyo ahadi ya mbolea ndiyo iliyokuwa ahadi ya ajira kwa watu wengi kuliko mikutano yote ya vijana. Bei ya mbolea ya ruzuku ilishuka tena hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023. Mkulima aliyekuwa akinunua kwa zaidi ya shilingi 6,000 aliona tofauti hiyo mfukoni mwake, wala hatuna sababu ya kuificha.

Lakini msimu wa kupanda wa mwaka 2024 ulipofika, ikagundulika kwamba mbolea ghushi ilikuwa imeingia katika mpango huo huo wa serikali. Wakulima waliopanga foleni kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka walijikuta wamenunua kitu kisichostawisha mmea. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, alifikishwa mbele ya kamati ya Bunge kwa hoja ya kumwondoa na akanusurika mwezi Mei. Mkulima naye alirudi shambani, ambako mvua haingoji kamati imalize kikao. Ukikosea mbolea Aprili, hasara utaivuna Novemba.

Hapa pana somo la kwanza. Soy haikukosa ahadi, haikukosa pesa za ruzuku, wala haikukosa mwakilishi serikalini. Ilichokosa ni mtu wa kukagua mfuko kabla haujafika ghalani, na wa kumlipa mkulima haraka baada ya kudanganywa. Ukaribu na Ikulu hauwezi kuchukua nafasi ya ukaguzi.

Kuna jambo jingine ambalo wanasiasa hawapendi kulieleza. Ahadi kwa mkulima wa Soy na ahadi kwa mlaji wa Likoni huvutana. Mkulima ataka gunia la mahindi lipande bei, nawe wataka pakiti ya unga ishuke. Rais alilitatua kwa kusema atasaidia uzalishaji badala ya matumizi, na ruzuku ya unga ikaachwa. Kwa hesabu za uchumi hoja hiyo ina mantiki, maana mbolea ikishuka bei, mavuno yataongezeka na unga utashuka wenyewe. Ila mantiki hiyo yategemea mbolea iwe mbolea. Ikiwa ghushi, mkulima amepata hasara na mlaji hakupata nafuu, wote wawili kwa mpigo mmoja.

Tuje kwenye mikopo. Hazina ya Hasla ilizinduliwa Novemba 30, 2022, ikikopesha kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Faida yake ni kwamba mtu asiye na dhamana aliweza kukopa bila kwenda kwa mkopeshaji wa mtaani anayenyonya damu. Upungufu wake ni kwamba wengi waliokopa walianzia shilingi mia tano na muda wa kulipa wa wiki mbili. Mia tano yaweza kununua mafuta ya pikipiki ya leo, haiwezi kununua pikipiki. Na zile bilioni 50 za kila mwaka zilizotajwa kwenye manifesto, bajeti zilizofuata zilitenga kiasi kilicho chini sana ya hapo.

Mwaka 2025 ukaja mradi wa NYOTA unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, wa kuwapa vijana mtaji wa shilingi 50,000. Mtaji huu ni msaada, haurudishwi kama mkopo. Hesabu iliyotangazwa ni vijana wasiopungua 70 kwa kila wadi. Tuipigie hesabu Soy: wadi saba mara sabini ni vijana 490. Nchi nzima ni laki moja na kidogo. Sasa weka hesabu hiyo kando ya nyingine: mwaka 2024 pekee watahiniwa wa mtihani wa kidato cha nne walizidi 960,000. Waliofaidika tunawapongeza, lakini mradi unaomfikia mmoja kati ya kila tisa au kumi wa watahiniwa wa mwaka mmoja, mara moja tu, hauwezi kuitwa sera ya ajira. Huo ni mchezo wa bahati, ila una stakabadhi ya serikali.

Zikiisha njia za nyumbani, kijana huelekezwa uwanja wa ndege. Hapa ndipo Soy na Pwani zinapofanana kwa uchungu. Uasin Gishu ilikuwa na mpango wa kaunti wa kupeleka wanafunzi katika vyuo vya Finland na Canada. Wazazi waliuza ng'ombe na vipande vya ardhi wakaweka fedha kwenye akaunti ya kaunti, kisha wakasikia karo haikufika vyuoni. Wengine watoto wao hawakuondoka kamwe, wengine waliondoka wakajikuta wanadaiwa ugenini. Agosti 2023 aliyekuwa gavana, Jackson Mandago, ambaye wakati huo alikuwa seneta, alishtakiwa pamoja na wengine, na wakakanusha mashtaka. Mahakama ina kazi yake, nasi hatuihukumii. Tunachokiona ni kwamba wazazi hao walidhulumika ndani ya kaunti isiyokuwa na kasoro yoyote ya kisiasa machoni pa chama tawala.

Kwetu, mabinti wanaondoka kwenda Saudia na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wako waliojenga nyumba za mawe na kusomesha wadogo zao, na wako waliorudi wagonjwa au kwenye jeneza. Serikali hii imeifanya kazi ya ng'ambo kuwa nguzo ya mpango wake wa ajira. Basi swali la kumuuliza kila anayetuahidi kazi za nje ni lile ambalo wazazi wa Uasin Gishu wangetamani wangeliuliza mapema: pesa zinakaa kwenye akaunti ya nani, nani anaweza kuzitoa, na mambo yakiharibika nitamshika nani?

Afya: bima na kalenda ya mfuko wa maskini

Oktoba 19, 2023 Rais alitia saini sheria nne za afya, na Oktoba 1, 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF iliyokuwepo tangu 1966. Mambo yaliyoandikwa kwenye sheria si mabaya. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu vitibu bure, vikilipwa na hazina ya afya ya msingi. Hospitali kubwa zilipwe na bima. Magonjwa ya dharura na ya muda mrefu kama saratani yawe na hazina yake.

Kwa mwajiriwa, makato ni asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 analipa 550, ilhali NHIF ilimkata 750. Mwenye 100,000 analipa 2,750, ilhali zamani alikatwa 1,700. Kwa hiyo mwenye mshahara mdogo alipunguziwa na mwenye mkubwa akaongezewa. Hiyo ni haki, na anayesema SHA ilimuumiza kila mtu kwenye payslipu hasemi kweli. Ila mwajiriwa huyo huyo alianza kukatwa pia asilimia 1.5 ya nyumba, na hapo ndipo mfuko ulipolia.

Shida kubwa iko kwa asiye na payslipu, na hao ndio wengi Soy na ndio wengi Pwani. Wao hupimwa uwezo wao kwa maswali kuhusu nyumba, maji, mifugo na mengineyo, kisha mfumo unawapangia kiwango. Cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini walitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja, yaani 3,600 au zaidi.

Sasa tazama kalenda. Mkulima wa Ziwa au Kipsomba hupata pesa mara moja kwa mwaka, baada ya kuvuna, mwisho wa mwaka. Januari ikifika, pesa zile zile zinaitwa na karo ya shule, na Februari na Machi zinaitwa na mbegu na kulima. Bima inasubiri mwisho wa foleni. Mvuvi wa Gazi au Kipini yeye hupata kidogo kidogo kila siku, na kusi likivuma miezi inapita bila kutoka mbali. Hawezi kukusanya elfu kadhaa na kuzikabidhi siku moja. Mmoja pesa zake huja kwa mkupuo zikiwa na wenyewe, mwingine huja kwa vibaba. Sheria moja iliyoandikwa kwa kumfikiria mtu wa mshahara imewakosa wote wawili. Serikali ililiona hilo baadaye na kuleta Lipa SHA Pole Pole, lakini mpango huo ni wa mkopo: unakopeshwa mchango wa mwaka kisha unalipa kidogo kidogo. Yaani maskini anaingia deni ili aruhusiwe kuugua.

Ndiyo maana takwimu za serikali zahitaji kusomwa kwa makini. Kufikia mwaka 2025 zaidi ya watu milioni 20 walikuwa wamejiandikisha na SHA, na idadi hiyo hutajwa kwenye kila mkutano. Kujiandikisha si kulipa, na asiyelipa hatibiwi kwa bima akipelekwa hospitali kubwa. Wanaochangia ni sehemu ndogo ya hao, na kati yao wengi ni waajiriwa ambao hawana hiari.

Kisha kuna maswali ya fedha. Machi 2025 taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilifichua kwamba mfumo wa kompyuta wa SHA uligharimu shilingi bilioni 104.8, na kwamba serikali haiumiliki. Mahakama Kuu ilikuwa imeshazitangaza tatu kati ya sheria hizo kuwa kinyume cha Katiba Julai 2024, kabla Mahakama ya Rufaa kuusimamisha uamuzi huo na mfumo kuendelea. Hospitali za binafsi chini ya chama cha RUPHA zilisitisha huduma za bima Februari 2025 zikidai malimbikizo. Madaktari walikuwa wamegoma siku 56 mwaka 2024, mojawapo ya madai yao yakiwa malipo ya madaktari wanagenzi. Tafakari hili: nchi iliyoahidi ajira na afya ilikuwa na vijana waliosomea udaktari, wagonjwa waliohitaji daktari, na hospitali zisizoweza kuwaunganisha.

Uasin Gishu ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi pale Eldoret, hospitali inayohudumia magharibi yote ya Kenya. Sisi tuna hospitali kuu ya Makadara. Zote mbili zimejaa kwa sababu ile ile: zahanati za vijijini hazina dawa wala wahudumu wa kutosha, kwa hiyo hata homa ya mtoto inapelekwa mjini. Na hapa ndipo ahadi zinapopotelea katikati. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, zahanati na hospitali za kaunti ni mzigo wa gavana. Sera na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu. SHA ni ya serikali kuu. Dawa zikikosekana, gavana atasema SHA haijalipa. SHA itasema kaunti haikuwasilisha madai sawasawa. Mgonjwa atasimama katikati kama mpira. Iwe ni Gavana Jonathan Bii wa Uasin Gishu au Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa, mmoja wa UDA na mwingine wa ODM, mchezo ni huo huo.

Polisi: ahadi iliyoanzia kwenye majivu ya Kiambaa

Tukisema mageuzi ya polisi, wengi wetu hufikiria Nairobi au Mombasa. Lakini mageuzi haya yalizaliwa kwa machungu ya Uasin Gishu kama ya mahali popote. Januari 1, 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa karibu na Eldoret, na watu waliojihifadhi ndani wakateketea, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu waliouawa nchini kote katika ghasia zile kuwa 1,133, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Mahali pengine polisi hawakufika, na mahali pengine walifika wakipiga risasi. Kutokana na hayo ikaja kamati ya Jaji Ransley mwaka 2009, Katiba ya 2010 iliyompa Inspekta Jenerali uhuru, na mamlaka ya IPOA mwaka 2011.

Rais Ruto alianza kwa kishindo. Oktoba 2022 kitengo maalumu cha polisi kilichohusishwa na kupotea kwa watu kilivunjwa. Desemba mwaka huo aliunda jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kuchunguza hali ya polisi na magereza, likamkabidhi ripoti Novemba 2023. Nyongeza ya mishahara ya polisi ilianza Julai 2024, ipewe kwa awamu tatu. Novemba 2025 makurutu 10,000 waliandikishwa, baada ya mvutano wa muda mrefu mahakamani juu ya nani mwenye mamlaka ya kuajiri.

Pwani tulikuwa na sababu ya kutumaini kuliko wengine. Tangu kuuawa kwa Sheikh Aboud Rogo Agosti 2012, kina mama wa Majengo, Likoni na Kwale wamebeba picha za watoto wao kutoka kituo hadi kituo. Mashirika kama MUHURI na Haki Africa yameandika majina hayo miaka nenda miaka rudi. Kiongozi wa nchi anaposema mauaji haya yatakwisha, familia hizo husikia maneno hayo kwa masikio tofauti na ya wengine.

Kisha ikaja Juni 2024. Vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, Eldoret ikiwemo, katika mji ule ule ambao Agosti 15 mwaka huo Rais aliupa hati ya kuwa jiji. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliouawa katika maandamano hayo kuwa 60. Mwisho wa mwaka tume hiyo ilisema watu waliotekwa tangu Juni walikuwa 82. Desemba Rais aliahidi Homa Bay kwamba utekaji utakomeshwa. Mei 2025 akasema wote waliotekwa wamerudishwa kwa familia zao. Juni 8, 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, akafa mikononi mwa polisi katika kituo kikuu cha Nairobi baada ya kukamatwa kwa ajili ya maneno ya mtandaoni. Julai 7, watu wasiopungua 31 wakauawa kwa siku moja. Siku mbili baadaye Rais akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi miguuni.

Hapo ndipo ahadi ilipojifichua. Katiba, kifungu cha 245, haimruhusu mtu yeyote kumwelekeza Inspekta Jenerali nani wa kuchunguzwa wala namna ya kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani. Waweza kuhamisha bajeti ya polisi kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa kalamu. Lakini kama amri ya risasi inaweza kutajwa jukwaani, uhuru huo umebaki kwenye vitabu vya hesabu.

Na kuna sura nyingine ya polisi ambayo haihusu maandamano kabisa. Kati ya mwisho wa 2019 na katikati ya 2021, wasichana watano walipotea na kuuawa mmoja baada ya mwingine Moi's Bridge, ndani ya Soy. Mshukiwa alikamatwa Julai 2021, baada ya mtoto wa tano. Hayo yalitokea kabla ya serikali hii. Lakini mwaka 2023, chini ya serikali hii, tulichimbua zaidi ya miili 400 Shakahola, kwa mhubiri ambaye alikuwa amekwisha kukamatwa zaidi ya mara moja miaka ya nyuma. Mzazi wa Moi's Bridge na mzazi wa Malindi hawakuomba polisi wakali. Waliomba polisi atakayeandika taarifa ya mtoto aliyepotea na kuifuatilia kesho yake.

Soy yatufundisha nini

Kwanza, kuwa ndani ya serikali hakutoshi. Watu wa Soy wamepata mbolea nafuu, na majirani zao wa Eldoret wamepata hadhi ya jiji. Lakini mbolea ghushi iliwafikia, fedha za masomo ziliwapotea, na SHA inawasumbua kama inavyotusumbua. Cheo cha mtu wa kwenu serikalini ni cheo chake. Anayewaambia watu wa Pwani wanyamaze kwa kuwa sasa tuna waziri, awaeleze kwanza kwa nini wenye Rais bado wanalalamika.

Pili, ahadi zilizofanikiwa kwa kiasi ni zile zilizokuwa na kipimo wazi. Bei ya mfuko wa mbolea ni tarakimu, kila mtu anaijua, na kwa hiyo ikishindikana huonekana. Ahadi kama "kazi kwa vijana" haina tarakimu, haina tarehe, wala haina mwenyewe. Ukipewa ahadi ya namna hiyo, mwenye kuitoa hana la kuulizwa.

Tatu, tujue mlango wa kubisha. Dawa za zahanati ni kwa gavana na mwakilishi wadi. Bima ni kwa Waziri wa Afya na Bunge. Polisi ni kwa Inspekta Jenerali na IPOA. Na kuna chombo ambacho wengi hawajawahi kukisikia: sheria ya polisi ya 2011 inataka kila kaunti iwe na mamlaka ya usalama inayoongozwa na gavana au mteule wake, ambamo raia nao wana viti. Muulize gavana wako kama chombo hicho hukutana. Akikwambia polisi si kazi yake, mkumbushe kiti chake kipo.

Tusingoje Agosti 10, 2027 ndipo tuulize. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka bungeni kufikia Septemba 1, mwelekeo wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mikutano ya maoni ya wananchi hutangazwa kabla ya hapo, na mara nyingi viti hubaki vitupu huku sisi tukiwa barazani tukilalamika. Nenda na swali moja tu: zahanati ya kwetu imetengewa pesa ngapi za dawa mwaka huu, na mwaka jana zilizotengwa zilifika ngapi? Wagombea wakija na ahadi za kazi, waulize ngapi, lini, kwa pesa gani, na nani atakagua. Wakisema polisi watabadilika, waulize kama wako tayari kutaja hadharani majina ya watoto wetu ambao hadi leo hawajarudi.

Wazazi wa Uasin Gishu walimwamini mtu wao, wakaweka fedha zao bila kuuliza. Sisi tuulize kwanza.